Ukuta wa Katikati

Mong'ina aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kama alivyofundishwa na kaka yake aliyekuwa mwashi, asikie kama matofali yamejaa au yana uwazi ndani. Aligonga mara moja tu. Upande wa pili mtu naye akagonga.

"Nani anakaa huko?" akauliza.

"Hakuna mtu, mama," alisema Ogari, dalali aliyekuwa akimtembeza. "Upande ule una kufuli tangu Mhindi mwenye nyumba aende zake Uingereza. Ni panya hao."

Mong'ina alikuwa amelala na panya maisha yake yote, katika nyumba ya nyasi kule Nyaramba, na hakuwa amewahi kusikia panya anayengoja zamu yake. Lakini aliona haya kusema. Yeye alikuwa mjane wa shamba aliyekuja mjini kutafuta nyumba, amevaa viatu vya kuazima, na dalali alikuwa amevaa tai. Akauondoa mkono ukutani, akauliza habari ya maji.

Huo ulikuwa mwaka wa 1971. Wahindi wengi wa mji wa Kisii walikuwa wakifunga maduka na kuondoka, na nyumba zao zikiuzwa kwa haraka. Hii ilikuwa kwenye mteremko, ukishuka kwenda soko la Daraja Mbili: nyumba pacha, paa moja la mabati, milango miwili inayotazama barabara, veranda moja ndefu, jiko huku na jiko kule, na ukuta mmoja katikati unaoigawa sawasawa. Mong'ina aliipenda kwa sababu ya ukuta huo. Aliwaza kwamba mwenye nyumba moja, mpangaji akihama, hubaki na nyumba tupu; lakini mwenye nyumba pacha, huyu akihama, yule yupo. Chai yake kule Nyaramba ilikuwa ikipigwa na mvua ya mawe, na kila ikipigwa yeye alikuwa akilia. Kodi ya nyumba haina majani ya kupukutika. Tena Ombui, ndugu wa marehemu mumewe, alikuwa ameanza kusema mbele za watu kwamba shamba lile la chai ni la ukoo, na mjane ni mgeni tu. Mong'ina alitaka kitu chenye jina lake.

Hata hivyo hakukurupuka. Alimwambia Ogari kwamba hatatia saini mpaka aishi humo msimu mzima wa mvua, kama mpangaji, aone maji yanapita wapi na watu wa mjini wanaopanga ni watu wa namna gani. Alitarajia mabishano. Ogari alikubali papo hapo, akamkabidhi ufunguo, akaondoka bila kuingia tena ndani.

Upande wa pili nao ulipata watu wiki hiyohiyo. Walikuwa mume na mke kutoka Kendu, kando ya ziwa: Jeconia Okoth, karani wa duka la mbegu, na Christabel, aliyeshona nguo za watoto kwa cherehani ya mguu. Walikuwa Wasabato kama Mong'ina. Jeconia alikuwa na sauti nzito, nzuri, na haukupita muda kanisa la mjini likampa kwaya aiongoze.

Ni wapangaji wa namna hiyo ambao Mong'ina alikuwa akiwaomba kwa Mungu. Christabel alifagia veranda yote, hata upande usio wake. Alimletea Mong'ina samaki wakavu, Mong'ina naye akampelekea ndizi, na walicheka sana kwa sababu Kiswahili cha kila mmoja kilikuwa na lafudhi ya kwao na kila mmoja aliamini kwamba anayekosea ni mwenzake. Mong'ina alilala akijiona tayari ni mama mwenye nyumba.

Kisha mvua zikaanza, na harufu ikaja pamoja nazo.

Ilitoka ukutani, chini, karibu na sakafu. Ilikuwa harufu ya nguo zilizofungiwa sandukuni zikiwa mbichi. Mong'ina alisugua sakafu, akaanika godoro, akapaka chokaa. Harufu ilitulia kidogo, kisha ikarudi. Akajiambia ni unyevu, akaihesabu kuwa kasoro ya kwanza ya nyumba.

Jioni moja, akichagua maharagwe, aligundua kasoro ya pili. Ukuta ulipitisha sauti. Upande wa pili mwanamume alikuwa akisema kwa sauti ya chini, karibu ya kubembeleza. Mwanamke akajibu neno moja. Halafu likasikika kofi, kavu, kama ubao ulioanguka sakafuni. Kisha mwanamke akaanza kulia, kile kilio cha mtu aliyejiziba mdomo kwa leso yake.

Asubuhi alimkuta Christabel kwenye kamba ya nguo.

"Umeamkaje, binti yangu?"

"Vizuri, mama."

Christabel hakuinua macho. Mong'ina alimtazama mashavuni, huku na huku, na hakuona alama yoyote. Akaona haya kwa kumchungulia mke wa mtu namna ile, akainama kama anayeokota kitu. Alipoinuka, Christabel alikuwa amekwisha kuingia ndani, na nusu ya nguo zimebaki kwenye beseni.

Tangu siku hiyo samaki hakuletwa tena. Salamu zikawa fupi. Na kila jioni, mvua ilipopungua, ugomvi ule ulirudi: sauti ya chini, neno moja, kofi, kilio. Kilichomtia Mong'ina baridi ni jambo ambalo hakukubali kulifikiria hadi mwisho, kwamba haukuwa ugomvi unaofanana na ule wa jana. Ulikuwa ni uleule. Mwanamke alivuta pumzi mahali palepale.

Hakuuliza. Angeanzaje? Kwao, mambo ya chumba cha mume na mke hayaulizwi na jirani, na yeye hakutaka kuwa mwanamke wa kutega sikio. Lakini alitega. Ilifika mahali akawa anamaliza kupika mapema ili akae karibu na ukuta, na alipojikuta amekaa pale, mikono mitupu, akingoja kofi la mtu mwingine, aliona haya peke yake kama aliyefumaniwa.

Hapo ndipo ukuta ulipomwita.

"Mama," ilinong'ona sauti ya Christabel. "Mama Mong'ina. Njoo. Njoo unione."

Aliweka sikio. Ukuta ulikuwa na joto, joto la ubavu wa ng'ombe, na mnong'ono ulikuwa palepale sikioni mwake, si nyuma ya matofali bali ndani yake, kana kwamba midomo ilikuwa imebandikwa upande wa pili wa chokaa. "Ananiua, mama. Njoo unione."

Mong'ina alitoka mbio bila viatu, akapiga mlango wa jirani kwa viganja viwili. Jeconia alifungua. Alikuwa na tonge la ugali mkononi. Nyuma yake taa ilikuwa inawaka, na Christabel alikuwa ameketi kwenye cherehani, mbali kabisa na ukuta, uzi mdomoni.

"Kuna shida, mama?" aliuliza Jeconia.

"Shida iko kwako, si kwangu. Unayomfanyia huyu mtoto wa watu, Mungu anayaona."

Uso wa Jeconia ulibadilika. Haukuwa uso wa mtu aliyesingiziwa. Ulikuwa uso wa mtu aliyekamatwa, na macho yake yalimkimbilia mkewe kabla ya kuanguka chini. Ni uso huo uliomfanya Mong'ina awe na hakika.

Sabato iliyofuata alimwita pembeni Mzee Omwenga, mzee wa kanisa, akamweleza yote aliyoyasikia. Hakuongeza chumvi. Wazee wakamwita Jeconia, wakamuuliza mbele ya mkewe kama amewahi kumpiga. Alikaa kimya muda mrefu mno. Christabel akaapa kwamba katika nyumba ile hajaguswa hata kidole, lakini waliomsikiliza walitazamana wakatikisa vichwa, kwa sababu kila mmoja alimjua mwanamke aliyepigwa akaapa hivyohivyo. Jeconia akavuliwa uongozi wa kwaya. Habari ikafika dukani, na tajiri wake akamwambia akae nyumbani kwanza mpaka mambo yatulie. Mama yake, mzee Akong'o, alikuja kutoka Kendu kumwona mwanawe. Alikaa verandani amenyoosha miguu, akilia bila sauti, na Mong'ina alipomsalimu alijifunika kichwa.

Mong'ina aliingia ndani. Alikuwa ametenda haki, na hata hivyo akafunga mlango kwa komeo.

Siku ya soko Ombui alifika kutoka Nyaramba, viatu vyake vimejaa tope. Hakukaa.

"Mke wa ndugu yangu, huyo mwanamume yuko wapi?"

"Mwanamume gani?"

"Anayekohoa humu kila jioni. Usinifanye mtoto. Jirani yako amewaambia wanawake wa kanisa, wanawake wa kanisa wameambia soko, na soko limeniambia mimi nikiwa shambani kwangu. Ukoo utakaa kikao. Mjane anayefuga wanaume mjini hana chai Nyaramba."

Akafungua pazia la kitanda. Akainama, mtu mzima yule, akachungulia uvunguni. Watu waliokuwa wakipita kwenda sokoni walisimama kutazama mlangoni. Mong'ina alitamani sakafu ipasuke. Angethibitishaje kuwa mtu asiyekuwepo hayupo?

Ombui alipoondoka, Mong'ina alikwenda moja kwa moja kwa Christabel. Hakubisha hodi.

"Nimekukosea nini unichafulie jina? Mimi nina mwanamume?"

Christabel alisimama, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa dirisha. "Mama, punguza sauti. Tafadhali."

"Nipunguze kwa nini?"

"Kwa sababu nyumba inasikia." Alisema kwa pumzi tu. "Mimi sikusema una mwanamume. Waliponiuliza kuhusu Jeconia nilikasirika, nikasema mbona kwa mama yule kuna mtu anakohoa kila jioni na hakuna anayeuliza. Ni hayo tu niliyosema. Na ni kweli, mama. Anakohoa kama mtu ambaye kifua kimeisha. Halafu wewe unamwambia maneno, naye anacheka kidogo, halafu kimya."

"Maneno gani?"

"Ni Kikisii. Mimi sikijui. Lakini nimeyasikia mpaka nimeyashika."

Na Christabel, mwanamke wa Kendu, asiyejua Kikisii hata cha kuomba maji, akayasema maneno yale bila kukosea hata irabu, kwa sauti ya uchovu ambayo haikuwa yake.

Mong'ina alikaa sakafuni.

Mumewe, Thadeus, alikuwa amekufa kwa maradhi ya kifua. Aliugua hadi nyumba nzima ikawa inanuka ugonjwa. Mchana mmoja, Mong'ina akiwa hajalala siku nyingi, mikono imechubuka kwa kufua mashuka, alimwambia maneno yaleyale: "Kufa basi, nami nipumzike." Thadeus alicheka kidogo, akageukia upande mwingine. Hakuimaliza wiki ile. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani, na Mong'ina hakuwahi kumwambia mtu, hata katika maombi, ambako alikuwa akiliruka jambo lile kama mtu anavyoruka shimo njiani kwake.

"Nani alikufundisha hayo?"

"Wewe, mama. Ni sauti yako."

Chini ya ukuta harufu ya nguo mbichi ilikuwa nzito kuliko siku zote. Ndipo Mong'ina, naye kwa pumzi tu, akaeleza alichokuwa akikisikia yeye: sauti ya chini, neno moja la Kijaluo, kofi. Akalitamka lile neno kama alivyolisikia.

Christabel alifunika uso kwa mikono miwili. "Hiyo ilikuwa Kendu," alisema. "Miaka ya nyuma. Siku tuliyomzika mtoto wetu. Jeconia alitaka niingie ndani, nikakataa kutoka kaburini. Alinipiga mara moja, mara moja tu, halafu akalia kuliko mimi. Hatujawahi kulitaja. Hata sisi wawili hatujawahi."

Jeconia alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Hakuingia wala hakuondoka.

Sabato hiyo wote watatu hawakwenda kanisani. Hakuna aliyependekeza, ni kwamba hakuna aliyeweza kupita barabarani akitazamwa. Alasiri, mawingu yalishuka hadi vilima vikapotea na mchana ukawa mweusi, wakafunga milango yote miwili kwa nje na kuketi pamoja verandani, funguo zikiwa magotini mwa Jeconia, ili kila mmoja awe na hakika kwamba ndani hamna mtu. Mvua ya mawe ikaanguka. Ilipiga mabati kwa nguvu kiasi kwamba hata kama wangepiga kelele wasingesikilizana, na barabara ikawa nyeupe, na ghafla, kama mtu aliyefunga mlango, ikakoma.

Katika kimya hicho wakasikia kutoka upande wa Mong'ina mtu akikohoa, na kutoka upande wa Jeconia lile kofi, na kikohozi tena na kofi tena, huku na huku, taratibu, kama watu wawili wanaotwanga katika kinu kimoja, halafu vikaanza kusogea, kikohozi kikitoka chumbani kuja ukutani na kilio kikitoka jikoni kuja ukutani, mpaka vikakutana katikati, nyuma ya migongo yao, mahali ambapo hapakuwa na chumba bali unene wa matofali tu, na hapo sauti zikaacha kulia na kukohoa zikaanza kuzungumza, sauti ya Mong'ina na sauti ya Jeconia, kwa utulivu, kama majirani wema wanaopumzika jioni, na wenye sauti hizo wakiwa wamekaa pale nje midomo imefumba, wakishikana mikono bila kujua wameshikana lini.

"Wako wapi?" iliuliza sauti ya Mong'ina.

"Wako nje," ilijibu sauti ya Jeconia.

"Wanaona aibu?"

"Wanaona."

"Vizuri," ilisema sauti ya Mong'ina. Na ukuta ukacheka kicheko kidogo cha Thadeus.

"Nyasae!" alisema Mong'ina, na Christabel akasema "Nyasaye!" kwa wakati mmoja, jina moja katika lugha mbili, na wakakimbia wote kwenye mawe ya barafu, hadi barabarani.

Nyuma ya soko aliishi mzee wa Kinubi aliyeitwa Farajallah, ambaye watu wa dini zote walimwendea na hakuna aliyekubali kwamba amemwendea. Walipitia njia ya nyuma, wanawake wamefunika vichwa kwa leso, Jeconia ameshusha kofia, na walipokutana na mama mmoja wa kanisani alitazama kando, nao wakatazama kando. Mzee Farajallah aliwasikiliza bila kushangaa.

"Yule Mhindi alikuja kwangu," alisema. "Yeye na mpangaji wake. Kila mmoja alikuja peke yake, usiri mtupu, na kila mmoja akaniomba nisimwambie mwenzake. Hilo si pepo la kwenu wala la mizimu. Ni jini. Limekaa katika ukuta tangu unajengwa na linajua lugha zote. Halili nyama. Linataka watu wawili ambao kila mmoja anajua la mwenzake na hakuna anayeuliza. Nyinyi mmeulizana. Sasa lina njaa, na lenye njaa ni baya zaidi."

"Tufanye nini, mzee?" aliuliza Jeconia.

"Ubomoeni. Mchana, milango wazi, huyu upande huu na huyu upande ule. Na msinyamaze. Mseme mpaka mwisho."

Walianza asubuhi ya siku iliyofuata, jua likiwa limetoka. Jeconia alikuwa na nyundo kwake, Mong'ina na mtaimbo kwake, na mzee Farajallah alikaa verandani katikati ya milango miwili, akisoma kwa sauti ya chini. Ogari alitokea mbio, mwavuli kwapani, akipiga kelele kwamba nyumba si yao na ataita polisi. Aliingia hadi karibu na ukuta. Hapo ukuta ukasema jambo fulani kwa sauti ya Ogari mwenyewe. Lilikuwa jambo fupi, na katika waliolisikia hakuna aliyelirudia. Dalali alisimama huku jasho likimtiririka, kisha akatoka polepole, akapita katikati ya watu waliokusanyika bila kumtazama hata mmoja, na mwavuli wake ukabaki palepale sakafuni.

"Semeni!" aliita mzee.

"Nilimwambia afe!" alisema Mong'ina, akipiga. Aliona wanawake wa sokoni wamejaa mlangoni, na vikapu vyao, na akawatambua wengine. Machozi na vumbi vilimziba macho. "Mume wangu alikuwa mgonjwa nikamwambia afe! Alinisikia!"

"Nilimpiga mke wangu kando ya kaburi la mtoto wetu!" ilitoka sauti ya Jeconia upande wa pili, na Mong'ina hakujua kama ni Jeconia au ni ukuta, kwa sababu sasa sauti zote zilikuwa zinasema pamoja, zake na za ukuta, za Jeconia na za ukuta, na zingine za Kihindi zisizojulikana na mtu, na matofali yalikuwa yanatoka na joto mkononi kama vitu vilivyochinjwa sasa hivi, na harufu ikampanda mpaka akatapika na kuendelea kupiga, mpaka mtaimbo ukazama katika uwazi na tofali moja likaangukia ndani.

Alichungulia. Alitazamia kumwona Jeconia. Katika ule uwazi, kati ya ukuta na ukuta, palikuwa na uso wa mwanamke ukimtazama kwa karibu sana. Ulikuwa uso wake mwenyewe, na ulikuwa na aibu. Midomo ilikuwa inatetemeka, macho hayakuweza kustahimili macho yake. Kisha mkono mmoja uliinuka kutoka gizani, ukavuta leso, ukajifunika.

Upepo ulipita kando ya shavu lake, wa baridi, ukatoka mlangoni. Waliokuwa nje walisogea pande mbili kuupisha ingawa hakuna aliyeona kitu. Katika tundu alibaki akimwona Jeconia, nyundo mkononi, amejaa vumbi, analia waziwazi kama mtoto.

"Limetoka," alisema mzee Farajallah, akikusanya vitu vyake. "Halijafa. Hayo hayafi. Lilikokwenda mimi sijui."

Mong'ina hakuinunua nyumba ile. Sabato iliyofuata alisimama kanisani, akaomba ruhusa ya Mzee Omwenga, akasema kwamba Jeconia Okoth hakumpiga mkewe katika nyumba ile, na kwamba yeye ndiye aliyemharibia jina. Kijana mmoja aliuliza kwa kejeli tangu lini Wasabato wanasikia majini. Ili wamwamini ilimbidi awaambie ukuta ulisema nini kwa sauti yake, na kwa nini. Aliwaambia. Hakuna aliyesema amina. Alikaa kwenye benchi, na dada aliyekuwa karibu naye akauvuta mkoba wake kidogo, kumpa nafasi.

Ukoo wa mumewe ulikaa kikao Nyaramba. Christabel alisafiri kwenda kusema mbele yao, kwa Kiswahili, kwamba hakukuwa na mwanamume yeyote, na ukoo ukaitupa kesi ya Ombui. Mong'ina akabaki na chai yake. Lakini alipofika kwenye mistari ya michai asubuhi, wachumaji waliokuwa wakipiga soga walinyamaza, na wakaendelea alipokuwa amepita. Alichuma peke yake. Alijiambia kwamba ni haki yake.

Jeconia alirudishiwa kwaya, akaikataa. Yeye na mkewe wakarudi Kendu. Mwaka ulipopinduka Mong'ina alifunga safari kwenda kuwaona, akiwa amebeba ndizi. Njia nzima alikuwa anatafuta maneno ya kuomba msamaha kwa mara nyingine, maana yale ya kwanza, ya kanisani, yalikuwa machache.

Walimpokea vizuri. Nyumba yao ilikuwa ya udongo, ya chumba kimoja na sebule, peke yake katika shamba la mtama, hakuna jirani wa kuonekana. Christabel alikuwa na mtoto mchanga, wa kike. Walimkalisha Mong'ina kwenye kiti kizuri, wakampakulia samaki, na Jeconia akasema kwamba amepata kazi ya kuhesabu magunia bandarini.

"Na huku hamjasikia kitu?" aliuliza Mong'ina.

"Hatujasikia, mama," alisema Jeconia. "Kumetulia."

"Unaimba bado?"

Jeconia alitabasamu, akatikisa kichwa.

Mong'ina alimchukua mtoto mapajani. Alikuwa mzito, mwenye afya, macho makubwa. Alikunja uso kama watoto wanavyofanya wakitaka kulia, akafungua kinywa wazi kabisa, miguu ikirusharusha, uso ukaiva, na chumba kikabaki kimya.

"Halii?" aliuliza Mong'ina.

"Analia," alisema Christabel, akimpokea haraka na kumweka kifuani. "Ni polepole tu."

Walimsindikiza hadi mwisho wa shamba, wakaagana kwa kushikana mikono, na Mong'ina akaendelea peke yake katika jua la adhuhuri. Alikuwa amekwisha kufika barabara kubwa, wachuuzi wa samaki wanaitana kwa vifua vyao vyote, ndipo alipotambua kwamba tangu alipoingia katika nyumba ile mpaka alipotoka, mchana kweupe, katikati ya shamba lisilo na mtu, wote watatu, yeye mwenyewe akiwemo, walikuwa wananong'ona.